Kiwanja cha maulidi kimefungwa geti: mzee alitamka nini?

SWALI: Assalamu alaykum wakili. Mimi ni katibu wa kamati ya maulidi katika kijiji kimoja kaskazini mwa Malindi. Kila Mfungo Sita tunasoma maulidi chini ya mkwaju, katika shamba la mzee mmoja wa hapa, pembeni mwa kaburi la sharifu ambalo watu hulizuru mwaka mzima. Daftari letu linaanza mwaka 1425 Hijria, ingawa wazee wanasema yalikuwapo kabla ya hapo. Mzee alifariki 2019. Baada ya maulidi ya 1445, yaani mwishoni mwa 2023, mwanawe mmoja aliliuza shamba. Mnunuzi, Muislamu mwenzetu, amejenga ukuta, ameweka geti na soja, na wakili wake ametuandikia kwamba tukiingia tutashtakiwa kwa kuvamia, na kwamba vipaza sauti vyetu vinavunja sheria. Mwenyewe anasema maulidi ni uzushi. Je, Katiba haitulindi? Tunaweza kwenda mahakamani? Na kaburi je?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu katibu, na poleni sana. Kufika kwenye mkwaju uliosomea maulidi tangu hujabaleghe ukakuta ukuta si jambo dogo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu barua yako ina kesi kadhaa ndani yake, na kamati nyingi za huku Pwani hushindwa kwa kuzichanganya zote zikawa kilio kimoja.

Tuanze na Katiba, kwa kuwa ndiyo kila mtu huikimbilia. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu haki ya kuabudu, peke yake au pamoja na wenzake, hadharani au faraghani. Kifungu cha 20 kinasema haki hizo zinambana kila mtu, si serikali pekee, kwa hiyo mnunuzi naye zinamgusa. Lakini Kifungu cha 40 kinailinda mali yake vilevile, na hakuna mahali Katiba iliposema kwamba haki yangu ya kuabudu inanipa kiwanja chako nikaabudie. Jaji atakuuliza kama kuna aliyewakataza kusoma maulidi msikitini, au uwanjani, au nyumbani kwako. Utasema hakuna. Basi hapo hoja ya dini peke yake imekwisha nguvu. Itapata nguvu tena siku mtakapoonyesha kwamba mnayo haki fulani juu ya ile ardhi yenyewe.

Kwa hiyo swali langu kwako, na ndilo ninalomuuliza kila anayekuja ofisini na mzozo wa namna hii, ni hili: mzee alitamka nini?

Miaka kadhaa nyuma niliketi mkekani, barazani kwa bibi mmoja wa Kwale ambaye macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Akanisimulia siku shemeji yake aliposimama baada ya swala ya alasiri, tasbihi mkononi, akasema mbele ya watu: "Kipande hiki, kutoka mnazi ule mpaka kisimani, nimekiwakifu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, watu wasome na wazikane." Bibi alikumbuka ni mnazi gani. Alikumbuka nani aliyekuwa akigawa kahawa. Maneno yake tuliyaandika kwenye hati ya kiapo ya kurasa mbili, na kurasa hizo mbili zilitufaa kuliko makaratasi mengine yote tuliyopeleka.

Katika kesi nyingine nilikuwa na mashahidi wanne, watu wazima wakweli, na wote walisema kwa mdomo mmoja kwamba marehemu alikuwa akiwaambia kila mwaka: "Endeleeni tu wanangu, madamu nipo." Tulishindwa. Wao walidhani wanamsifu marehemu kwa ukarimu wake, na hakika alikuwa mkarimu. Lakini "madamu nipo" ni ruhusa, na ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa. Akifa imekwisha. Akiuza imekwisha. Hata angesema vile kwa miaka hamsini, isingegeuka kuwa haki.

Sasa nizungumzie daftari lako. Katika picha ulizonitumia, ukurasa wa 1431 umeandikwa hivi: mchele gunia mbili, mbuzi watatu, sukari, halua, udi, marashi. Halafu chini kabisa, kwa wino mwingine: "Ubani na kanzu kwa mzee, kuomba kiwanja." Mstari kama huo upo kwenye kurasa zote ulizonipiga picha. Hii ndiyo adabu ya watu wetu, na ni adabu njema. Lakini wakili wa upande wa pili akilipata daftari hilo, ataufungua ukurasa huo kwanza, kwa sababu anayeomba kila mwaka amekiri kila mwaka kwamba kiwanja si chake. Nakusihi usiuchane ukurasa wala usifute mstari. Ukipatikana umelichezea daftari, hata lile lililo kweli ndani yake halitaaminika tena, na kuharibu ushahidi ni kosa la jinai. Litunzeni kama lilivyo. Tutakuja kuona kwamba mstari huo una tafsiri nyingine pia.

Kwanza niiondoe mezani ile hoja ambayo najua wameshakwambia kijijini: kwamba mmekaa zaidi ya miaka kumi na miwili, basi ardhi ni yenu. Kanuni hiyo ipo, imo katika Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22. Lakini ni ya mtu aliyeishika ardhi kama mwenyewe, wazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenye hati. Nyinyi mlikuwa mkiingia usiku mmoja kwa mwaka, na mzee ndiye aliyekuwa akilima muhogo pale na kuvuna ukwaju wake. Huko si kumiliki. Atakayewashauri mfungue kesi ya namna hiyo atakula pesa zenu bure.

Njia ya kwenda kaburini ni jambo jingine, na hapo mna uwezekano. Sheria hiyohiyo ya Ukomo wa Mashtaka, kifungu cha 32, inasema njia iliyotumiwa kwa amani, wazi, kama haki, bila kukatizwa, kwa miaka 20, huwa haki isiyovunjika. Kuna mambo mawili hapa watu huyakosea. La kwanza ni hesabu. Daftari lenu linakwenda kwa mwaka wa Hijria. Kutoka maulidi ya 1425 mpaka ya 1445 ni miaka 20 kwa mwezi mwandamo, lakini mahakama inahesabu kwa kalenda ya kawaida, na kwa kalenda hiyo ni kutoka mwanzoni mwa Mei 2004 mpaka mwishoni mwa Septemba 2023. Hiyo ni miaka 19 na miezi mitano. Mmepungukiwa na miezi saba! Ndiyo maana wazee waliozuru kabla ya daftari kuanza wana thamani kubwa kwenu; nataka majina yao na umri wao, na kila mmoja aeleze alizuru na nani, akitokea wapi, akipita wapi. La pili ni kuchelewa. Miaka 20 hiyo lazima iwe imeishia ndani ya miaka miwili kabla ya kesi kufunguliwa. Geti likifungwa mkakaa mkinung'unika barazani miaka mitatu, haki iliyoota kwa miaka 20 inaweza kuwapotea kwa uzembe. Tena haki ya njia ya aina hii huenda na kipande cha ardhi kinachofaidika nayo, kwa hiyo itabidi tuonyeshe kama kaburi lina kiwanja chake, au kama kuna ardhi ya msikiti upande wa pili ambayo njia hiyo inaihudumia. Ndipo tunapofika kwenye wakfu, yaani mali iliyotolewa moja kwa moja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Wakfu ndio moyo wa mambo haya. Kama mzee, au babake kabla yake, aliwakifu kile kipande penye kaburi na mkwaju, basi tangu siku ile hakikuwa chake tena. Wakfu hauuzwi, haupewi mtu zawadi, haurithiwi. Mwanawe hakuwa na cha kuuza, na mnunuzi alinunua shamba lisilokuwa na kipande hicho ndani yake, hata kama ramani yake inakionyesha.

Lakini huku kwetu wengi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa Mashafii wakfu unataka tamko. Kumruhusu mtu aswali kwenye kiwanja chako, au azike, hakukifanyi kiwanja kuwa wakfu hata ikipita miaka mingi. Lazima mwenyewe awe amesema, "nimewakifu", "nimelifanya msikiti", au neno la wazi la namna hiyo. Ndiyo maana narudia: alitamka nini, wapi, mbele ya nani? Usiridhike na anayekwambia "tunajua ni wakfu". Muulize alisikia kwa sikio lake au alisimuliwa. Na kama alisimuliwa, aliyemsimulia bado yu hai?

Ukikosa aliyesikia, angalia matendo, kwa sababu matendo huweza kuonyesha kwamba tamko lilikuwapo. Mkwaju ule ulivunwa na nani? Nimesema juu kwamba mzee alivuna ukwaju. Je, aliuza akatumia mwenyewe, au pesa zilikwenda kununua mafuta ya taa na mikeka ya msikiti? Alipolima, jembe lilikuwa likiishia wapi? Kama alikuwa akiacha duara kulizunguka kaburi mwaka baada ya mwaka, majirani waliolima naye watalijua duara hilo. Na hapa ule mstari wa ubani na kanzu unapata tafsiri yake ya pili. Huenda mzee hakuwa akiombwa kama mwenye shamba. Huenda alikuwa akiheshimiwa kama msimamizi wa wakfu, maana msimamizi naye hupelekewa habari na heshima kabla ya watu kuingia. Mwandishi wa mstari ule ni nani, na yu hai? Aeleze mwenyewe alimaanisha nini alipoandika "kuomba". Usimfundishe la kusema. Mwache aseme, kisha uniletee alilosema hata kama halitupendezi.

Jambo moja zaidi kuhusu tamko. Kama mzee aliwakifu akiwa kitandani, katika maradhi yaliyomuua, sheria ya Kiislamu hulichukua tamko hilo kama wasia, halipiti theluthi moja ya mali bila warithi kukubali. Ulizia tarehe kwa makini.

Mkipata ushahidi wa kutosha, nendeni kwa Tume ya Wakfu, ambayo makao yake yako Mombasa. Kenya ina sheria mpya ya wakfu tangu 2022, iliyochukua nafasi ya ile tuliyorithi kwa mkoloni, na kazi ya tume ni pamoja na kusajili wakfu na kuulinda. Pekueni pia kumbukumbu zao za zamani. Wapo watu waliopigana mahakamani miaka na miaka juu ya wakfu ambao karatasi yake ilikuwa imelala kwenye faili muda wote huo.

Mnunuzi naye atatoa hati miliki yake, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaipa hati hiyo heshima kubwa. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 28, inataja haki ambazo humfunga mwenye hati hata kama hazikuandikwa kwenye rejista, na miongoni mwake ni amana, yaani mali anayoishika mtu kwa faida ya wengine, zikiwamo amana za kimila, pamoja na haki zilizopatikana kwa kupita muda. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika mzozo wa ardhi ya ukoo huko Meru, iliithibitisha amana ya kimila na kuiwekea vigezo. Nitakuwa mkweli kwako: kimojawapo ni kwamba anayedaiwa awe mtu wa familia, ukoo au kundi lilelile. Mnunuzi wenu ni mgeni. Kwa hiyo amana ya kimila sitaitegemea. Nitashika wakfu, na nitamwambia jaji kwamba wakfu ni amana, na amana inamfuata kila anayeishika ardhi. Mabishano yatakuwa makali hapo, na sikuahidi ushindi.

Kuna mlango mwingine ambao ni mwepesi zaidi, na ningependa uanze nao wiki hii. Umesema "mwanawe mmoja" ndiye aliyeuza. Mzee aliacha watoto wangapi? Wajane? Kabla ya ardhi ya marehemu kuuzwa, lazima mirathi ifunguliwe mahakamani, msimamizi ateuliwe, na uteuzi huo uthibitishwe. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Urithi kinakataza kuuza ardhi kabla ya uthibitisho. Marehemu alikuwa Muislamu, kwa hiyo mafungu ya warithi ni ya Kiislamu, lakini masharti hayo ya usimamizi yanamhusu pia pale yasipopingana na sheria ya dini. Nenda Mahakama ya Kadhi na mahakama nyingine za huko uulize kama mirathi yake ilifunguliwa. Kisha fanya sachi katika rejista ya ardhi ya Kilifi uone jina lilihama kutoka kwa nani kwenda kwa nani, na tarehe gani. Kama jina lilihama bila mirathi, au mabinti wa marehemu hawakushirikishwa, basi mauzo yenyewe yana ufa. Wenye kudai hapo ni warithi, si kamati. Lakini warithi wakisimama na nyinyi, mnunuzi atakuwa na sababu ya kukaa mezani.

Hati nayo ina historia. Ukanda wetu wa pwani wa maili kumi ulipitia sheria ya 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi aende kuandikisha, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mwingereza. Wapo waliojua kusoma tangazo wakaandikisha eneo zima, makaburi ya watu yakiwa ndani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha Nyali kati ya kampuni moja na Kaunti ya Mombasa, ilisema hati peke yake haitoshi kama asili yake ni mbovu. Kwa hiyo omba nakala ya ramani ya kwanza ya upimaji wa shamba hilo. Mpima ardhi wa zamani huenda aliliona kaburi akaliweka alama.

Kaburi lenyewe lina ulinzi wake, hata kama yote niliyosema yatashindikana. Hakuna anayeruhusiwa kufukua maiti bila kibali chini ya Sheria ya Afya ya Umma, hata mwenye hati mwenyewe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 134 hadi 136, inamgusa anayeharibu mahali panapotukuzwa na watu kwa nia ya kuitusi dini yao, anayevuruga ibada iliyokusanyika kihalali, na anayeingia makaburini kwa nia ya kuwaumiza watu hisia. Na kama kaburi ni la kale, lenye nakshi au maandishi, waiteni watu wa Makumbusho ya Taifa walitazame, kwa maana Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inawezesha mahali kutangazwa kuwa turathi, na tangazo hilo linamfunga mwenye ardhi. Ndugu zetu Wamijikenda walipita njia hiyo. Makaya yao, yaani misitu yao mitakatifu, yalianza kutangazwa kuwa turathi za taifa mwaka 1992, wakati ardhi ya pwani ilikuwa ikinyakuliwa ovyo, na mwaka 2008 misitu kumi ya makaya ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Njia hiyo ni ya polepole, lakini ikifika mwisho ina nguvu. Piga picha za kaburi leo, pande zote nne, na gazeti la siku hiyo likionekana pembeni. Likiguswa kesho, utakuwa na cha kuonyesha.

Kuhusu uzushi, msiingie huko kabisa. Mahakama haitaamua kama maulidi ni sunna au ni bidaa, na jaji akiona mmekuja kubishana juu ya hilo atachoka nanyi mapema. Mnunuzi ana haki ya kuamini anavyoamini, nanyi mna haki ya kuamini mnavyoamini. Waambie vijana wasimtukane wala wasimwite majina kwenye simu zao. Maneno hayo huchapishwa yakaletwa mahakamani, na nimewahi kumwona mtu mwenye haki akikataliwa amri ya zuio kwa sababu alikuja na mikono michafu.

Kwenye vipaza sauti, wakili wake hakukosea. Kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu, nje ya nyumba katika eneo la makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni chini ya watu wawili wanaoongea kawaida. Matari manne tu bila spika yanaivuka. Ombeni kibali kwa maafisa wa mazingira wa kaunti mapema, muandike saa ya kuanza na ya kumaliza, na mziheshimu saa hizo. Zafa ikipita barabarani, mpeni habari mkuu wa kituo cha polisi kwa maandishi, mpate muhuri wake kwenye nakala yenu. Haya ni madogo, lakini ndiyo yatakayotumiwa kuwaonyesha kama watu wasiojali sheria.

Sasa mahakama. Kesi ya ardhi haiendi kwa Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa ndoa, talaka, urithi na hali binafsi za Waislamu. Ardhi ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na nyinyi mtakwenda Malindi. Mnaweza kuomba amri ya zuio kwa dharura, na jaji atapima kwa vigezo vilevile vinavyotumika tangu kesi moja ya 1973 ambayo kila wakili wa Kenya ameikariri: je, mna kesi yenye uzito, je, mtapata hasara isiyolipika kwa pesa, na akiwa na shaka, mizani inaelemea wapi. Kwa kaburi, hasara isiyolipika ni rahisi kuieleza, likivunjwa limevunjwa. Kwa usiku wa maulidi ni ngumu zaidi, kwa kuwa jaji anaweza kusema someni pengine mwaka huu. Kwa hiyo ombeni amri ya kulinda kaburi na njia kwanza, na msiende siku tatu kabla ya maulidi. Anayekuja dakika za mwisho huulizwa alikuwa wapi. Wakati huohuo tunaweza kupeleka ilani ya tahadhari (caution) kwa msajili wa ardhi chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili, ili shamba lisiuzwe tena kwa mtu wa tatu huku mkingoja.

Lakini kama ungekuwa ndugu yangu wa tumbo moja, ningekwambia uzungumze kabla hujashtaki. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zihimize suluhu, na mara nyingi jaji mwenyewe atawarudisha huko. Kadhi, ambaye hawezi kuihukumu kesi hii, anaweza kuisuluhisha, na mnunuzi asiyependa maulidi huenda bado akamheshimu Kadhi. Msiende kudai shamba zima. Ombeni kaburi na hatua chache kulizunguka, ombeni njia ya kulifikia, na ombeni usiku mmoja kwa mwaka. Akikataa usiku huo lakini akakubali kaburi na njia, kubalini. Najua itauma. Kaburi haliwezi kuhamishwa, na maulidi yanasomeka popote. Yalisomwa majahazini na yakasomwa vibarazani kabla ya mkwaju ule kuota. Na chochote mtakachokubaliana kipimwe na kiandikwe kwenye rejista, kisibaki kuwa maneno. Mkiacha maneno, mnunuzi huyu naye siku moja atakufa, na mwanawe atauza.

Kuhusu maulidi ya mwaka huu, msivunje geti wala msiruke ukuta. Kuingia kwenye ardhi ya mtu bila idhini yake wala sababu ya msingi ni kosa chini ya Sheria ya Uvamizi wa Ardhi, Sura ya 294, na vijana watakaopatikana na hatia watabeba rekodi ya jinai kwa usiku mmoja. Someni msikitini. Lakini kabla ya hapo mwandikieni barua mnunuzi, nakala kwa wakili wake, mkiomba kuingia siku ya maulidi. Msiandike kama mlivyokuwa mkiandika daftarini. Andikeni: "Tunakuarifu kwamba tutasoma maulidi na kuzuru kaburi tarehe kadhaa, kama ilivyokuwa miaka yote. Tunakuomba geti lifunguliwe kwa ajili ya amani na ujirani, na ombi hili haliondoi wala halipunguzi haki yoyote tuliyo nayo juu ya kaburi, njia na kiwanja." Itieni saini watu watatu wa kamati, ipelekeni kwa mkono, na anayeipokea pale getini, hata kama ni soja, aandike jina na saa kwenye nakala yenu. Nakala hiyo niletee pamoja na daftari zima, kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho.